Miligramu 56

Julai ile mke wangu alikuwa na kilo 62. Nazikumbuka kwa sababu ndizo zilizotukwamisha.

Alikuwa ameshaondolewa titi, na majibu ya kinyama kilichopelekwa kupimwa Dar es Salaam yalionyesha HER2 chanya, yaani seli za saratani yake zina wingi wa protini inayozichochea zikue haraka. Kwa saratani ya namna hiyo kemo peke yake haitoshi. Kunahitajika pia trastuzumabu, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, dripu moja kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima. Bei yake mshahara wa mwalimu hauifikii hata ukiuwekea ngazi. Bima tulikuwa nayo, namshukuru Mungu, ila kila dozi ilitaka kibali chake.

Dozi za mwanzo zilikwenda vizuri. Ya Julai, kibali kilitoka, dawa haikuwepo. "Imeagizwa, mwalimu. Ulizia Alhamisi." Alhamisi mtandao ulikuwa chini. Ijumaa mhusika alikuwa semina. Nikawa napanda daladala kutoka Uyole na faili langu kwapani, baridi ya Mbeya ikinipiga masikioni, narudi jioni mikono mitupu. Mke wangu haulizi. Anakuangalia mikono tu, halafu anaendelea kumenya viazi.

Mwishowe dawa ikapatikana Dar: kichupa kimoja, miligramu 440. Nilifurahi peke yangu. Daktari alifungua kadi ya kliniki, akahesabu tarehe kwa kidole.

"Mwalimu, tumepitiliza zaidi ya wiki nzima. Dawa imeshapungua mwilini. Hapa sasa hatumpi dozi ya kawaida, tunaanza tena na ile kubwa ya mwanzo."

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Dozi ya kawaida ni miligramu 6 kwa kila kilo: mara 62, unapata 372. Kichupa kinatosha na chenji inabaki. Dozi ya kuanzia ni miligramu 8 kwa kilo: 496. Pungufu, 56. Nilirudia hesabu hiyo nyuma ya bahasha nikiwa kwenye benchi la korido, kana kwamba jibu lingenionea huruma. Walituchelewesha, kwa hiyo tukahitaji dawa nyingi zaidi. Dawa nyingi zaidi ikahitaji kibali kipya. Na kibali kipya kingetuchelewesha. Swali la namna hiyo ningempa mwanafunzi, mzazi wake angenifuata shuleni.

Dirishani dada wa bima aliangalia kompyuta yake. "Kibali ni cha kichupa kimoja."

"Naelewa, dada yangu. Daktari ameandika viwili."

"Mfumo unasema mgonjwa anaendelea na matibabu. Dozi ya kuanzia ni ya mgonjwa mpya."

Hapo nilipandisha sauti, foleni nzima ikageuka. Sijutii. Lakini kelele zangu hazikusaidia kitu; aliyesaidia ni mfamasia, kijana mpole, aliyempelekea daktari karatasi akaandika sababu kwa mkono, kisha akakaa na simu hadi akampata mtu mwenye mamlaka ya kubonyeza anachotakiwa kubonyeza.

Vichupa viwili vilikuja kwa basi, ndani ya kisanduku cha baridi. Dawa hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande. Lori likawa limelala njiani mlima Kitonga, magari yakasimama, na sisi tukasubiri stendi ya Nanenane mpaka usiku mkubwa. Mfamasia alikuja mwenyewe, hakutumwa na mtu. Basi lilipoingia alifungua kisanduku kidogo tu, akamulika kipimajoto kwa simu.

"Saba," akasema, akafunga haraka. Nikamwambia kwa baridi hii angekibeba tu mkononi. Hakucheka.

Kesho yake dripu ikatundikwa. Ile ya kuanzia inakwenda taratibu, dakika 90, nami nikakaa pembeni nikiikodolea macho.

"Mwalimu," mke wangu akasema, "hebu acha kuhesabu matone. Nenda kanywe chai."

Sikwenda kunywa chai. Nilishuka kwenye dirisha la bima kuomba kibali cha dozi inayofuata. Dada yule yule akapokea fomu, akaisoma, akanirudishia.

"Bado mapema mno, mwalimu. Hii uje nayo ikikaribia."