Shikamoo ya laivu na marahaba inayochelewa

Laivu yetu ya kwanza ya mapishi na shangazi wa Muscat, Oman, kila mtu jikoni kwake, nilianza kama mtoto aliyelelewa, nikasema shikamoo shangazi. Kimya. Yuko pale kwenye nusu yake ya kioo, mtandio wa zambarau, anatabasamu kama picha ya pasipoti. Nikasema shangazi unanisikia? Kimya. Komenti zikaanza kumiminika, hasikii huyo, mtoe umuingize upya, mara da Tanga leo umenuniwa, na mi kwa aibu nikaona bora niendelee tu na shughuli, nikauliza, shangazi leo hiliki umeweka kiasi gani? Hapo ndo sauti ikatoka, nzito, na heshima zake zote:

"Marahaba mwanangu."

Yani tulienda hivo dakika arobaini nzima. Nauliza sukari, najibiwa kuhusu hiliki, nauliza moto, najibiwa sukari, kama watu wawili wanaokwenda sokoni mmoja kandambili imemkatikia. Watu walicheka mpaka wakawa wanaita wenzao waje kuona, na nadhani ndo ile laivu iliyotujaza watu, sio mapishi.

Kwa wageni humu, tuko watatu. Mi niko Tanga, Makorora, napikia uani. Kuna dada wa Mombasa, na kuna shangazi wa Muscat ambaye sio shangazi yangu wa damu, folowazi wake ndo wanamuita hivo na mi nikarithi. Kila mtu alikuwa na watu wake na jiko lake. Kilichotukutanisha ni shida, kwasababu laivu ya mapishi ukiwa peke yako ni mtihani, unakaanga huku unasoma komenti, ukimjibu mmoja kitumbua kimeungua, ukigeuza kitumbua mwingine ameshakasirika kwamba unaringa. Ukiwa na mwenzio, yeye anaongea we unageuza. Alafu kuna hili la watu, tuseme ukweli tu. TikTok hawakufungulii laivu mpaka ufikishe folowazi 1,000 na uwe umetimiza miaka 18, Instagram nao tangu 2025 wakaweka 1,000 hiyohiyo, kwa hiyo ukishaipata nafasi unataka uitumie na watu waone, na njia ya haraka ni kuazimana watu. Hakuna ubaya. Ubaya ni ukiazima usirudishe, nitafika huko.

Turudi kwenye marahaba. Mi nilijua ni intaneti ya kule mbovu, kumbe mbovu ni yangu, shangazi kule ana intaneti ya waya ndani ya nyumba. Na kumbe kuna kuchelewa kwa aina mbili. Sisi tulioko kwenye kioo tunapelekeana sauti na picha chapuchapu, mtandao ukiwa mzuri hata sekunde moja haifiki, ukilegea ndo unapata zile tatu nne. Mtazamaji yeye anapakuliwa baadaye, video inapita kwenye mitambo, inakatwakatwa, inahifadhiwa kidogo simu yake isigandegande, ndo anaoneshwa. Kwa hiyo anavoandika "geuza kinaungua" we ushageuza zamani na kipo kwenye sahani. Mwanzoni nilikuwa nabishana na watu, nawaambia mbona nishageuza hamuoni? Hawaoni kweli. Wako nyuma yako. Na ukiuliza watu swali usihamaki mbona hamjibu, endelea kukuna nazi yako, majibu yanakuja.

Na bando sasa. Video ya kawaida tu ya megabiti 2.5 kwa sekunde inakula kama GB 1.1 kwa saa, hiyo ni ya kwenda, alafu ukiwa na wenzio wawili unapokea na za kwao. Mi nilikuwa naweka bando la kuperuzi naingia nalo laivu, katikati nagandishwa mdomo wazi, na skrinishoti zangu zile bado zinazunguka huko mnazijua.

Mwangwi nao. Laivu ya tatu, kila nikisema neno, baada ya sekunde kadhaa linarudi, nikadhani ni simu ya dada wa Mombasa, nikamuambia shoga vaa hedifoni, akavaa, bado, shangazi naye akavaa, bado. Kumbe ni mpwa wangu yuko sebuleni ananisapoti! Kafungua laivu kwenye luninga, sauti mpaka mwisho, inapita dirishani inaingia kwenye maiki yangu. Tangu siku hiyo nyumba nzima ni marufuku kunisapoti kwa sauti.

Nilijifariji nilipokumbuka Wamarekani wenyewe, na studio zao. Lile shindano la muziki la Verzuz walilolianzisha watayarishaji Timbaland na Swizz Beatz Machi 2020 wakati wa korona, kwenye Instagram. Aprili 18 ilikuwa zamu ya wanamuziki Teddy Riley na Babyface. Babyface katulia zake nyumbani, hana makuu, mwenzie kajaza mitambo na watu kama yuko ukumbini, sauti ikawa inajirudia mpaka haisikilizeki, watu laki kadhaa wanatazama, ikabidi waahirishe mpaka tarehe 20, na safari hiyo Teddy akaja kwa unyenyekevu. Alafu mwezi uliofuata Beenie Man na Bounty Killer wa Jamaika wao wakakaa chumba kimoja kabisa, na ndo likawa tamu kuliko yote kwa maoni yangu, maana mmoja akirusha neno mwenzie analidaka hapohapo. Sisi hiyo haiwezekani, nauli ya Muscat nani ana hela.

Ila kilichotutoa jasho haswa ni saa.

Machi 2025 Ramadhani tukakubaliana laivu kila siku saa 11 jioni, tupike mpaka karibu na kufuturu. Nikampigia kijana anayetutengenezea mabango, nikamuambia saa kumi na moja jioni, akaandika 11:00 PM. Limeshasambaa ndo tunaliona. Usiku saa tano watu wamejaa kwenye ukurasa wangu wanauliza da Tanga uko wapi na mi nimelala. Nilipomuuliza kijana akaniambia dada si ulisema kumi na moja.

Kuna ndugu mwingine yuko Minneapolis, Marekani, alikuwa anaingia kama mgeni. Kipindi cha baridi wako nyuma yetu saa 9, kwa hiyo laivu yetu kwake ni saa 2 asubuhi, keshaamka, kuko sawa. Tarehe 9 Machi wenzetu wakasogeza saa zao mbele, kama wanavofanya kila mwaka, tofauti ikawa saa 8, na hakuna aliyekumbuka, hata yeye. Kesho yake akaingia saa 2 yake kama kawaida, kwetu ni saa 10, mi ndo kwanza naloweka mchele. Akakaa saa nzima anatazama kurasa zetu ziko kimya, akajua ametoswa. Akanitumia voisi noti ndefu siwezi kuirudia hapa.

Na Muscat ndo usiseme. Saa ya kule iko mbele yetu saa moja tu, lakini jua lao mwezi ule linazama mapema, ikifika kama saa 11 na robo yetu adhana ya magharibi imeshaita, na Tanga sisi mpaka saa 12 na nusu ipite. Hatukulifikiria hata kidogo. Siku ya kwanza tuko katikati ya sambusa, adhana ikasikika kwenye simu yake, shangazi akasema bismillahi, akachukua tende, akamimina laban, ule mtindi wa kunywa, kwenye bilauri, tukaisikia inavoingia, glu glu glu, mi na dada wa Mombasa tunatazamana, koo kavu, saa nzima na zaidi bado, na komenti zinasema shangazi muogope Mungu. Yeye hajui hata tunacheka nini. Kuanzia hapo ikawa ndo kipande chenyewe, watu wanaingia makusudi saa 11 na robo kuona nyuso zetu.

Mkate sasa. Mi tangu nizaliwe naita mkate wa kumimina, dada wa Mombasa anaita mkate wa sinia, na wa Unguja walioko kwenye komenti wanasema nyote hamjui, ni mkate wa mchele. Mchele uleule uliolowekwa, tui lilelile, hamira, hiliki, ute wa yai. Tulibishana nusu saa, na mi katikati ya ubishi umeme ukakatika, blenda ikafa na mchele nusu umesagika nusu ni punje. Bahati nzuri siku hiyo mwenyeji wa laivu alikuwa shangazi, mimi mgeni tu, maana mgeni akikatika wengine wanaendelea, mwenyeji akikatika mmekatika wote. Kwa hiyo siku za wasiwasi wa umeme siku hizi hatumpi uenyeji mtu wa Tanga, hata kama mtu huyo ni mimi.

Hela. Nilishawahi kualikwa na mtu mwenye watu wengi kuliko sisi sote, simtaji. Nikapika biriani saa nzima na nusu, moshi, jasho, yeye kakaa kwenye kochi anasoma majina ya wanaotuma zawadi. Mawaridi ya koini 1, zile koini za TikTok ambazo mtazamaji ananunua kwa hela, yanamwagika kama mvua, mpaka simba akapita, yule wa koini 29,999, na TikTok wanakata chao kwanza sawa, lakini kilichobaki chote kiliingia kwake. Nilipomgusia kesho yake akasema "lakini si umepata folowazi?" Nilipata 60. Na kipande cha video cha mikono yangu inapakua biriani kikatoka kwake na jina lake juu. Sikulalamika, mchele ulikuwa wangu na ujinga wangu pia, hatukuzungumza chochote kabla.

Kwa hiyo sisi watatu tunapokezana. Leo mwenyeji ni huyu, zawadi zake, video inabaki kwake, na yeye ndo anatukatia vipande anatutumia usiku huohuo. Kesho mwingine. Na bato hatuingii, zile mechi za dakika tano, watu wanapiga kelele gonga skrini gonga skrini, ukishindwa unapakwa unga usoni. Unga bei gani siku hizi jamani.

Kitu kimoja tu kimetushinda. Nilipendekeza salamu tumalize kwenye simu kabla ya kuingia hewani, tuokoe zile sekunde. Dada wa Mombasa akakubali. Shangazi akakataa katakata, akasema wanawe wanatazama, wajukuu wanatazama, mtoto wa kike anaingiaje mbele za watu bila shikamoo. Basi kila laivu nikishaweka simu kwenye stendi nasema shikamoo shangazi, alafu nafunga mdomo, nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, saa zingine mpaka nne, mafuta yanachemka nyuma yangu na komenti zinaandika anamsubiri marahaba huyo, anamsubiri.

Ijumaa tuko kwa shangazi, saa 2 usiku ya huku. USIKU. Bango nimeandika mwenyewe.