Valvu ya breki iliyoganda
Ukikanyaga breki kwenye pikapu ya mzee ikiwa na mzigo, pua inainama na matairi ya nyuma kama hayahusiki. Fundi wa kwanza akanibadilishia masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Hali ileile.

Jumamosi nikaingia uvunguni mwenyewe. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu yenye mkono wa chuma: bodi ikishuka kwa mzigo, mkono unasogea na breki za nyuma zinapata presha zaidi. Wetu ulikuwa umeganda palepale pa gari tupu. Chumvi ya Tanga hiyo, jamani.

Nati za mabomba ndizo zilinitoa jasho, ingawa nilizilowesha dawa ya kutu tangu usiku. Pistoni ya ndani ya valvu nikaisafisha kwa mafuta ya breki tu, maana petroli huvimbisha mpira. Nikaweka sili mpya, nikatoa upepo kwenye mabomba ya breki. Bahati niliweka alama ya rangi kwenye mkono wa valvu kabla ya kufungua, nikajua pa kuurudishia.

Leo tumepakia saruji mifuko kumi. Nikakanyaga, gari likatulia sawasawa. Mzee akauliza tu, "Ile masta silinda ya zamani iko wapi?"

Nilishaiuza skrepa.