Mwana haombi kibarua kwa baba yake

Alhamisi, usiku

Jumuiya yetu imefika sura ya 4 ya barua ya Paulo kwa Wagalatia, anapowaambia kwamba si watumwa tena bali ni wana, na jana maswali yalituzidi muda. Mama mmoja alisema kwamba kwenye maombi anakokwenda katikati ya wiki ameambiwa ukoo wao una laana, na haitavunjika mpaka atoe sadaka maalumu. Kiasi kimetajwa. Akauliza kwa upole kabisa: "Sasa wapendwa, nisipotoa, mwanangu si ndiye ataendelea kukosa kazi?"

Hakuna aliyecheka. Chupa za maji ya upako zimo kwenye nyumba nyingi za mtaa wetu.

Wagalatia waliishi sehemu ambayo leo ni Uturuki. Baada ya Paulo kuondoka, walikuja walimu wengine wakawaambia kumwamini Kristo hakutoshi, lazima watahiriwe. Hapa pana jambo linalonisumbua kila ninaposoma: wengi wao walitoka kwenye miungu ya kipagani, hawakuwahi kuishika torati hata siku moja. Paulo anawaambiaje kwamba wanarudi utumwani? Naona kwake, torati ikishageuzwa kuwa bei ya kukubaliwa na Mungu, haina tofauti na matambiko waliyoyaacha. Maneno mazito hayo, tena kutoka kwa aliyekuwa Farisayo, mshika torati hodari. Bibi zetu walipeleka kuku mweusi kwa mganga ili mizimu itulie. Sisi tunapeleka bahasha madhabahuni ili laana itulie. Kilichobadilika ni anwani.

Tulimwombea mama na mwanawe, bure. Mmoja wetu akachukua namba ya kijana, maana kwenye karakana ya shemeji yake wanatafuta msaidizi.

Nyumbani nikarudia Luka 15. Yule mwana mpotevu alipanga njiani kumwomba baba amfanye mmoja wa watumishi wake. Alipofika hakupata hata nafasi ya kuyasema hayo. Vazi, pete na viatu vilikwisha kuagizwa. Lakini mimi humfikiria zaidi kaka yake, aliyebaki. Analalamika kwamba ametumika miaka yote hiyo na hajapewa hata mwana-mbuzi. Mtoto wa nyumbani, anahesabu kama kibarua aliyecheleweshewa mshahara! Makanisani tupo wengi wa namna hiyo, wazee wa kanisa na wanakwaya, na nadhani ndio tulio rahisi zaidi kuuziwa mafuta.

Mzee wa jumuiya naye hakuniacha salama. "Paulo anawakemea kwa kushika siku na miezi. Na Kwaresima yetu je?"

Nilimjibu kwamba Paulo huyohuyo alimtahiri Timotheo, mwenzake wa kazi, kwa sababu ya Wayahudi wa sehemu zile, ila kwa Tito, mwenzake mwingine, watu walipotaka iwe lazima, hakukubali hata kidogo. Kisu ni kilekile. Kwa Timotheo kilirahisisha safari ya injili. Kwa Tito kingekuwa kiingilio cha nyumba ambayo tayari alikuwa mwana ndani yake.

Mzee hakuridhika. Anasema watu wakisikia hivyo wataacha kufunga kabisa, na huenda baadhi wataacha kweli. Mimi kesho nafunga kama kawaida. Nikishindwa saa nane mchana, nitakula bila kutetemeka, na wiki ijayo nitamweleza mzee hivyohivyo, tukianza sura ya 5.