Mtoto Katoka Salama, Barua Yafuata

Vijana wa huku wakiniuliza tuliishije ughaibuni kabla ya simu za mkononi, huwa naanza na adabu za barua, maana bila hizo hawataelewa lolote. Barua ya Kiswahili haikuwa na haraka. Juu kulia anwani, S.L.P. na mji, kisha tarehe. Halafu "Kwako mke wangu mpenzi", salamu nyingi kama mchanga wa pwani, "madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali na kukufahamisha ya huku", na mwisho "sisi hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu". Hata nyumba ikiungua, mwandishi huku kwanza hajambo. Ukifika hapo, nusu ya aerogramu imekwisha, na habari yenyewe haijaanza.

Aerogramu ilikuwa karatasi nyepesi ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, stempu imechapwa tayari, na onyo kwamba usiweke kitu ndani. Ilikuwa rahisi kuliko barua ya bahasha, kwa hiyo wanafunzi wote tuliipenda. Ubaya wake, ukiifungua kwa pupa unachana hata maneno ya pembeni, na mume wangu alikuwa mtu wa kuandika pembeni.

Nilikuja Leeds, Uingereza, mwaka 1985 kwa ufadhili wa masomo ya ualimu. Nyuma nilimwacha mume wangu Korogwe, mwalimu wa hisabati, na binti yetu ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Watu wakisikia hivyo hushtuka, maana walizoea baba ndiye anayeondoka. Hata wakati ule walishtuka, na wengine hawakunificha. Mama mkwe alitoka Handeni akahamia kwetu kumlea mjukuu. Mpango ulikuwa mzuri. Mipango yote ya ughaibuni ni mizuri siku ya kuondoka.

Barua ilichukua wiki mbili, tatu, mara nyingine zaidi. Mapema tu tuligundua kwamba zinapishana njiani: mimi nauliza kama homa imepoa, naye wakati huohuo anaandika juu ya homa nyingine ambayo sina habari nayo. Tukaanza kuzipa namba. "Nimepata yako ya 9, ya 8 bado." Sasa tunazo zote, zake na zangu, na ukizipanga kwa tarehe unaona watu wawili wanaozungumza huku kila mmoja akimjibu mwenzake wa mwezi uliopita.

Jambo jingine wasilolijua vijana ni kwamba barua haikuja nyumbani. Ilikuja kwenye sanduku la posta la shule. Iliguswa na karani, ikakaa mezani kwa mwalimu mkuu, ikapelekwa na mwanafunzi aliyetumwa. Hakuna aliyeifungua, lakini wote walijua imefika, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa unauliza mama mtoto anasemaje. Mambo mengine basi hayakuandikwa kabisa, au yaliandikwa kwa njia ya kuzunguka.

Mtoto alianza kuumwa miezi michache baada ya mimi kuondoka. Barua ilisema hawajambo, hofu ni kwangu, shule imepata chaki, mvua za vuli si mbaya, na mtoto ana homa kidogo, vidole vimevimba, mama anasema ni baridi. Iliyofuata ilisema mikono imepungua, sasa ni miguu. Zahanati moja ilimpa klorokwini, nyingine ikasema baridi yabisi. Mama mkwe alimfunga hirizi, na simlaumu, maana wote walikuwa wanabahatisha.

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno ya kupamba. Alipoona nauliza kila mara "kuvimba kiasi gani?", aliulaza mkono wa mtoto juu ya aerogramu akauchora kwa penseli kuuzunguka, akaandika tarehe chini yake. Barua iliyofuata, mkono tena. Nikawa naiweka michoro mmoja juu ya mwingine dirishani, mwanga upite, nione vidole vimenenepa au vimepungua.

Nilikuwa nimepanga chumba Chapeltown, mtaa wa Leeds wenye watu wengi wa asili ya Karibi, hasa kisiwa cha St Kitts. Mama mwenye nyumba alikuwa mmoja wao. Siku moja alikuta ile michoro mezani jikoni akadhani ni kazi ya chuo. Nilipomweleza, hakuendelea na sufuria yake. Aliuliza maswali kama daktari: na miguu pia? macho yanakuwa ya manjano? analia akiguswa mifupa? Kisha akasema mpwa wake alianza hivyohivyo, na kwamba nimwandikie mume wangu leo, si kesho, waipime damu ya mtoto kama ina selimundu.

Nilikuwa mwalimu mwenye cheti na sikuwahi kulisikia jina hilo darasani. Pwani yetu imejaa ugonjwa huu, lakini niliujulia kwenye jiko la Leeds. Mama yule akanitafutia vipeperushi. Uingereza wakati huo nayo ilikuwa ndiyo inaamka: kituo cha kwanza cha ushauri nasaha wa selimundu kilianzishwa mwaka 1979 huko Brent, London, na mmoja wa waanzilishi alikuwa muuguzi Elizabeth Anionwu, mwenye baba Mnaijeria. Vile vipeperushi vilieleza kwa lugha ya watu: chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, ndiyo maumivu hayo, zinakufa mapema, ndiyo upungufu wa damu na umanjano wa macho. Mtoto anaupata pale tu baba na mama wote wawili wanapompa. Wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne.

Korogwe walipima. Jibu likawa ndiyo.

Hapo ndipo ilipokuja barua iliyonitoa jasho kuliko insha zote za chuo. Ukoo ulikuwa umekwisha kuamua kwamba ugonjwa umetoka upande wangu, kwa sababu shangazi yangu alizika watoto. Na mimi sasa niandike, kwa karatasi ya buluu itakayopita mezani kwa mwalimu mkuu, kwamba umetoka kwetu sote. Niliirudia mara nyingi. Mwisho niliacha salamu zote, nikaandika kama tunavyomfundisha mwanafunzi: nikachora duara mbili za wazazi, mistari minne, watoto wanne. Yeye ni mtu wa hisabati, nikamwachia ajumlishe.

Alinyamaza. Barua zangu mbili zilikwenda bila jibu, na nikaanza kusikia ndoa yangu ikilegea kwa mbali. Jibu lilipofika halikuwa na "sisi huku hatujambo". Lilianza moja kwa moja: alikuwa amemwonyesha mama yake zile duara. Mama mkwe, ambaye hakujua kusoma, aliziangalia muda mrefu, kisha akamtajia wanawe wawili waliotangulia kabla ya mume wangu kuzaliwa. Wote waliambiwa ni degedege. Wote, alisema, walivimba mikono. Hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sidhani kama habari ile ingepatikana kwa simu. Tungekuwa tumeshagombana dakika ya pili.

Baadaye niliisoma kazi ya daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alichapisha utafiti uliofanyika Afrika Mashariki kuonyesha kwamba anayebeba chembe hii upande mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Nikaandika: mwambie mama kwamba damu hii si laana, ni damu iliyowavusha babu zetu kwenye mbu wa bondeni, ila ikikutana mbili inageuka. Mama mkwe alijibu kupitia mwanawe kwamba amesikia, na niache kuhubiri, nile nishibe, Ulaya kuna baridi.

Mwishoni mwa mwaka 1986 ikaja telegramu. Nilikuwa darasani, ilisomwa kwa simu, na mama mwenye nyumba, asiyejua neno la Kiswahili, akaichukua herufi moja baada ya nyingine nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. MTOTO KATOKA SALAMA BARUA YAFUATA. Katoka wapi? Sikujua kama aliingia. Barua ya kulazwa ilikuwa bado njiani, imepitwa angani na habari za kuruhusiwa. Nilikaa na ule usalama nisioujua chanzo chake, nikashindwa kufurahi na nikashindwa kulia.

Barua ilifika Januari 1987. Mtoto alipata homa, damu ikashuka sana, akaongezewa damu. Wiki zilezile serikali ya Uingereza ilikuwa inapeleka kijikaratasi cha kuonya juu ya UKIMWI kwa kila nyumba nchini. Kilipita kwenye tundu la mlango pamoja na barua zetu. Kwetu wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na hofu ilikuwa imeshashuka mpaka pwani. Nilikuwa na swali moja tu, na sikuweza kuliandika kwa sababu ya lile sanduku la shule. Mume wangu alikuwa ameshaliona swali hilo. Katikati ya habari za mitihani ya kidato cha nne aliweka sentensi: "Damu katoa shemeji wa Muheza, yule yule unayemjua, mtu wa nyumbani kwake." Alikuwa ananiambia kwamba si ya mtu wa barabarani. Haikuwa kinga kamili, nilijua, naye alijua. Lakini ndicho alichokuwa nacho cha kunipa, na alikipenyeza kwa ustadi. Miaka ilipita kabla hatujampima mtoto na kupumua.

Hali halisi nilijifunza kuisoma kwenye orodha. Kila barua ilimalizika na vitu vya kuagizwa, vya kupitia mkono wa mtu anayerudi, maana vifurushi vya posta vilikuwa na safari zao. Akiomba kipimajoto, sweta na Paludrine ya kuzuia malaria, mtoto ni mgonjwa hata kama juu ameandika "anaendelea vizuri". Paludrine huku iliuzwa duka la dawa bila cheti cha daktari. Kinga ya malaria kwa mtoto wa selimundu si jambo la hiari, kwa hiyo kila Mtanzania aliyerudi nilimbebesha. Penisilini sikuweza kununua hivyo. Lakini mwaka huohuo wa 1986 ulitoka utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba watoto wadogo wa selimundu wakipewa penisilini mara mbili kwa siku, maambukizi makali ya bakteria wa nimonia yanapungua kwa asilimia 84. Nikanakili maelezo kwa mkono, akayapeleka kwa daktari wa misheni, na dawa ikapatikana hukohuko. Si kila kitu kilisubiri ndege.

Sitamani enzi zile zirudi, nisieleweke vibaya. Muuguzi kijana ninayesali naye hapa amemwacha mwanawe Mwanza, naye anamwona usoni kila jioni, anamsikia akikohoa, anampigia daktari mwenyewe. Ningekuwa na hiyo mwaka 1986 ningetupa kalamu. Ila namwambia aangalie pia wanachomwagizia, kwa sababu hata kwenye video bibi huwa anamnawisha mtoto uso na kumwambia tabasamu kabla ya kubonyeza.

Binti yetu ana zaidi ya miaka arobaini, anaishi nasi huku Uingereza, anatumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, na bado kuna wiki ambazo mifupa inamkumbusha. Barua amezisoma zote. Anachokipenda ni zile orodha, kwa sababu aligundua jambo ambalo mimi nililijua zamani nikanyamaza: baba yake aliagiza vitu vyake mwenyewe pale tu yeye binti alipokuwa mzima. Barua ya mwisho kabla sijarudi haikuwa na dawa hata moja. Ilikuwa na betri za redio, viwembe, na nyuzi za gitaa, tena kwa namba. Betri na viwembe nilivipata. Nyuzi nilileta za namba nyingine, na juu ya hilo tunabishana mpaka leo.