Mrututu kutoka unga mweusi

Baridi ya Juni inapoingia Mbeya na mlima Loleza ukaamka umefunikwa na ukungu, huwa ninawaandaa wanafunzi wangu kwa jaribio la kutengeneza chumvi kwa asidi na besi, yaani dutu inayoondoa ukali wa asidi na kufanya nayo chumvi, isiyoyeyuka katika maji. Chaguo langu ni asidi ya salfuriki iliyozimuliwa na oksidi ya shaba, ambayo ni unga mweusi, kwa kuwa zao lake ni salfati ya shaba, yaani mrututu, na wengi wao wametoka katika nyumba za wakulima wa kahawa, ambako dawa zenye shaba hunyunyizwa kuzuia kutu ya majani.

Hatua za jaribio hili hukaririwa upesi: pasha moto, ongeza, chuja, vukiza, poza. Ninachokitaka mimi ni mwanafunzi aeleze kwa nini besi ndiyo inayozidishwa, wala si asidi. Sentimita za ujazo 25 za asidi yenye ukolezi wa moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe) huhitaji takriban gramu 2 za oksidi, lakini kila kundi hulipimia gramu 2.5. Asidi hupashwa hadi nyuzi 60 hivi, kwa maana ikiwa baridi mmenyuko huenda polepole mno, kisha unga mweusi hutiwa kidogo kidogo huku ukikorogwa, nao hutoweka na kuacha kimiminika cha buluu, mpaka ifike wakati unga unaotiwa hautoweki tena. Hapo asidi imekwisha. Unga uliobaki hunaswa na karatasi ya chujio, ilhali asidi ambayo ingebaki isingenaswa na karatasi yoyote; ingepita pamoja na chumvi, na kwa kuwa asidi ya salfuriki haivukizwi pamoja na maji, ingezidi kuwa kali katika bakuli na kuziacha fuwele zikiwa chepechepe na za kuunguza. Kwa besi inayoyeyuka, kama hidroksidi ya sodiamu, njia hii haifai, kwa sababu ziada yake haionekani kwa macho, na ndiyo maana huko tunahitaji bureti, yaani mrija wenye alama za kupimia kimiminika, na kiashiria, yaani rangi inayobadilika asidi inapokwisha.

Si kila oksidi hukubali, hata hivyo. Oksidi ya risasi ikitiwa katika asidi hiyohiyo hujifunika kwa salfati ya risasi isiyoyeyuka, na mmenyuko hukwama ungali mchanga.

Kuvukiza ndiko kunakohitaji subira. Bakuli huwekwa juu ya mvuke wa maji yanayochemka, ambayo kwetu, katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kila baada ya muda kijiti cha kioo huchovywa na kutolewa nje ili kuona kama fuwele zinajitokeza juu yake kinapopoa. Mwaka mmoja kundi moja liliweka bakuli moja kwa moja juu ya moto na kuukausha mchujo wote, likapata unga mweupe, na wanafunzi wakahuzunika wakidhani chumvi yao imeharibika. Niliwaambia wadondoshee maji, na buluu ikarudi mbele ya macho yao. Siku hiyo walielewa, kuliko siku yoyote niliyowahi kuwaandikia ubaoni, kwamba kila fungu la salfati ya shaba katika fuwele limeshikana na molekuli 5 za maji, na kwamba maji hayo ni takriban asilimia 36 ya uzito wa fuwele.

Usiku wa Juni hupoza mchujo haraka, na fuwele zikiundwa kwa haraka huwa ndogondogo. Kwa hiyo tunaifunika bakuli na kuiweka ndani ya boksi lililojaa maranda ya mbao, joto lipate kutoka taratibu mpaka asubuhi. Fuwele tunazozikuta huwa pana, zenye kingo kali, nasi huzikausha kwa kuzibana katikati ya karatasi za chujio, mbali na moto. Kisha tunazipima, tukijua kwamba asidi ile haiwezi kutoa zaidi ya gramu 6.2 hivi, na kundi lililopata gramu 4 au 5 huwa limefanya kazi nzuri, kwani chumvi nyingine imebaki katika kimiminika. Kimiminika hicho hatukimwagi mtaroni, kwa sababu shaba ni sumu kwa samaki. Tunakihifadhi katika chupa yenye lebo, na darasa linalofuata hukitumia.