Neno "mhamiaji" limenitoa jasho wiki tatu

Leo limekubali! Wiki tatu nimehangaika na neno moja, na leo kipindi cha tatu, chini ya mwembe wa shule yetu huku Igombe, kando ya Ziwa Victoria, mambo yamefunguka.

Bado tuko na riwaya ya Esperanza Rising ya Pam Muñoz Ryan. Nakala ni ile ile moja, darasa la sita, watoto 58. Nasoma aya kwa Kiingereza, nasimulia kwa Kiswahili. Tumeshafika California, mwaka 1930. Esperanza, binti wa shamba kubwa la zabibu kule Meksiko, sasa anaishi kwenye kambi ya vibarua.

Tatizo lilianza siku niliposema "wahamiaji". Mkono ukanyooshwa nyuma: "Madamu, wamekamatwa lini?" Masikioni mwao neno hilo halitembei bila "haramu", ndivyo wanavyolisikia redioni. Tangu siku hiyo Esperanza hafui nguo, halei watoto mapacha, ila darasa zima linasubiri polisi. Nikajaribu "mkimbizi". Wakaona mahema na vita, wakauliza nani anapigana na nani. Nikajaribu "mlowezi", wakanikumbusha somo la historia: mlowezi si ndiye mwenye shamba? Walikuwa sahihi kabisa. "Mgeni" nalo likazaa swali la kila siku: anarudi kwao lini? Nililala nikilitafuta neno, niliamka nikilitafuta.

Programu ya kutafsiri ya kwenye simu nimeiacha rasmi. Ugonjwa wa mama yake Esperanza iliuita "homa ya bonde", na watoto wa wafugaji wakadakia: Homa ya Bonde la Ufa! Dakika ishirini zilikwenda nikieleza kwamba hakuna ng'ombe hapo wala maziwa mabichi, ni kuvu wa udongoni anayeingia mapafuni pamoja na vumbi. Kwa kazi hii kamusi ya karatasi na chaki vinanitosha.

Sasa leo. Tulirudi pale Esperanza anapopewa ufagio na hajui kuushika, maana kwao walikuwepo watumishi. Watoto wanaofagia uwanja kila asubuhi walicheka hadi machozi. Msichana mmoja, ambaye tangu Januari sijasikia sauti yake zaidi ya "Shikamoo, Madamu", akainuka, akachukua ufagio wa darasa. Akaushika juu kabisa kwa mikono miwili, akawa anagonga gonga chini, vumbi linamrudia usoni. Kicheko kikazidi. Akauegemeza kwenye mwembe, akasema: "Hata mimi nilichekwa tulipohama Magu kwenda kisiwa cha Goziba. Nilikuwa sijui kuanika dagaa. Niliwamwaga rundo moja, wakaoza."

Kimya. Kisha mikono kila upande. Sisi tulihama Ukara. Sisi Kome, halafu hapa. Baba anafuata dagaa, mwezi ukiwa mkubwa taa za kuvulia usiku hazivuti kitu, tunakaa tu. Hakuna aliyeuliza habari za polisi.

Nilikuwa nang'ang'ania jina wakati kitendo kilikuwepo muda wote. Kuhama! Watu hawa wamehama, wanafuata mavuno, vitunguu vikiisha ni lozi, halafu viazi, halafu asparagasi. "Wahamiaji" nimelifuta ubaoni. Nitalirudisha tukifika kwenye mgomo, pale watu wanaposombwa kwa mabasi kupelekwa Meksiko, wakiwemo waliozaliwa Marekani. Hapo nataka walisikie likiwa na uzito wake, wakiwa tayari wanawajua hao watu.

Nilipanga kesho tuchore ramani ya safari ya treni kutoka Zacatecas, Meksiko, na karatasi za manila nimeshanunua. Ramani itasubiri. Mvulana mmoja amegundua kwamba sura za kitabu zina majina ya mazao, akauliza kwa nini na wao wasiandike zao. Kabla kengele haijalia tulikuwa na Dagaa, Sangara, Furu, Sato, na Pamba kwa wale waliotoka bara. Manila zote zinaingia huko.

Yule wa ufagio alinifuata ofisini. Anataka sura iitwe "Mwezi Mkubwa", ya zile siku za kukaa bila kazi, na ameomba aiandike peke yake. Nimempa karatasi mbili.