Nyumba ya Vyumba Viwili Ukingoni mwa Uwanda wa Makonde

Kiwanja alichonipa mjomba wangu huko Newala kipo mwendo mfupi kutoka Shimo la Mungu, mahali ambapo Uwanda wa Makonde unakatika ghafla na ardhi yote kuporomoka kuelekea bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hulijaza bonde lile hadi karibu na miguu ya mtu aliyesimama juu, kisha jua likipanda unajitenga taratibu na vilima vya chini vinaanza kujitokeza kimoja kimoja. Kila mgeni niliyemfikisha pale alinishauri nijenge ukingoni kabisa na kuweka vioo ukuta mzima. Mimi mwenyewe nilitaka hivyo kwa miaka mingi. Leo nyumba imekwisha kuezekwa, nayo imesimama hatua arobaini nyuma ya ukingo, fupi, ikiwa imefuata mteremko, na ninaona ni vyema nieleze sababu.

Fundi wa kwanza alianza kwa kuleta tingatinga ili kupata uwanja wa tambarare, na kwa siku moja nyasi zote na mikorosho mitatu vikawa vimeondoka. Udongo wa uwanda huu ni mwekundu na wa kichanga, hunywa maji upesi sana, na ndiyo maana huku juu hakuna vijito na chemchemi hutokea chini, kwenye miguu ya mteremko, ambako mama zetu na bibi zetu walikuwa wakishuka kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Udongo huo ukifunikwa na nyasi na kushikwa na mizizi hutulia. Ukiachwa wazi na kushindiliwa na mashine, mvua hushindwa kuzama, hutiririka juu juu na kuubeba. Msimu wa kwanza wa mvua ulichimba korongo lililonifika kiunoni, likielekea moja kwa moja ukingoni. Mjomba alikuja kuliona. Nilimwamkia, akaitikia, akasimama kimya kwa muda, halafu akaonyesha kwa fimbo: "Mpwa wangu, maji ya hapa yalikuwa yanapita kule kwenye mkorosho mkubwa. Wewe ndiye uliyeyaleta huku."

Tulipoteza mwaka mzima kulijaza korongo lile kwa mawe na kupanda nyasi.

Katika mwaka huo nilikuwa nikiikumbuka mara kwa mara Husuni Kubwa, jumba lililojengwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ni jumba kubwa, na nyumba yangu ni vyumba viwili na baraza, lakini nilichokwenda kujifunza pale hakitegemei ukubwa. Jumba lile limekaa juu ya jabali, ukingoni kabisa mwa bahari, na wajenzi wake hawakulazimisha rasi ile ifuate mchoro wao: nyua zimepangwa kufuata umbo la mahali, lipo birika la pembe nane, na ngazi zinashuka hadi ufukweni. Kwa muda mrefu niliitumia Husuni Kubwa kama hoja ya kujenga ukingoni. Baada ya korongo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimenakili mkao na kusahau kilicho chini yake. Pale Kilwa jumba limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya mwamba wa matumbawe. Kuta na ardhi ni kitu kimoja, na mwamba ule unaweza kubeba jumba hadi nchani. Huku kwetu ukingo ni mchanga mwekundu ulioshikwa na mizizi. Anayefuata kwa dhati mfano wa wale wajenzi wa Kilwa, akiwa Newala, atarudi nyuma.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa hapa hapa, hakutaka hata jembe liguse ardhi kabla ya kuisoma. Alikuja na mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita kumi, nami nikashika ncha moja na yeye nyingine. Maji yalipotulia pande zote mbili tulipigilia vigingi, tukahamia mbele, tukapigilia tena, hadi kiwanja kizima kikawa na mistari ya vigingi iliyopinda kama ilivyopinda ardhi. Nyumba ikalazwa kufuata mmoja wa mistari hiyo, na sakafu ikagawanywa mara mbili: vyumba viko juu, na baraza iko chini yake kwa ngazi tatu. Hatukuchimba zaidi ya msingi wenyewe. Kwa bahati njema kiwanja kinatazama kusini, kwa hiyo kuta ndefu zimeelekea kaskazini na kusini, na zile fupi ndizo zinazopokea jua kali la asubuhi na la jioni.

Matofali tuliyafyatua kwa udongo uliotoka kwenye msingi huo, tukiuchanganya na saruji kidogo kisha kuushindilia kwenye mashine ya mkono. Ni matofali ya kufungamana, ambayo hayahitaji kuchomwa, kwa hiyo hatukukata mti kwa ajili ya tanuri. Kabla ya kuanza, mzee alijaza udongo nusu ya chupa, akaongeza maji, akatikisa na kuiacha hadi kesho yake. Mchanga ulikuwa umelala chini, na juu yake mfinyanzi umetanda utando mwembamba usiofika upana wa kidole. Aliitazama chupa ile juani kwa uangalifu mkubwa na kusema mfinyanzi ni haba, tuongeze udongo kutoka shimo la choo, ambao ulikuwa mzito zaidi. Rangi ya kuta ni ile ile ya njia inayopita mbele yake, na sitazipaka rangi nyingine kamwe.

Kuhusu paa nilitamani nyasi, lakini nyasi hazikusanyi maji safi, na huku maji ndiyo yanayoamua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 60. Mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, inatupatia lita 48,000. Tangi tulilolichimba upande wa juu wa baraza linabeba lita 20,000, yaani lita 100 kwa siku kwa siku 200 za kiangazi. Nilichagua bati za rangi ya kahawia iliyofifia, kwa sababu bati jeupe hung'aa mchana kutwa na mtu aliye bondeni huliona kabla hajauona mlima. Paa linashuka chini sana upande wa kusini, kiasi kwamba mtu mrefu huinama kidogo anapotoka barazani, na upepo wa kusi hupita juu yake bila kulishika.

Vioo vya ukuta mzima havipo. Lipo dirisha moja la chumba cha kulala, dogo, lililowekwa usawa wa macho ya mtu aliyeketi kitandani, na baraza yenyewe. Anayetaka kuliona bonde lote hutoka nje, hushuka ngazi tatu na kupita chini ya mkorosho mkubwa, ule ambao maji sasa yamerudi kupita kando yake.

Bado gata la upande wa kaskazini halijafungwa, na mfereji wa kupunguzia maji tangi likijaa unahitaji mawe zaidi. Mzee amesema tumalize kabla ya Novemba.